Kilomita Nne kwa Saa

Auderghem, Jumamosi, 20 Agosti 2016, saa nane na dakika kumi mchana

Zuhura mwanangu,

Mama yako ameshakwambia habari ya soksi, ya karatasi za bima, na ya kupiga simu ukishuka kwenye ndege hata kama huku tumelala. Mimi sitarudia. Mko Matonge tangu saa nne asubuhi unasukwa, na amenipigia sasa hivi kusema wamemaliza upande mmoja tu wa kichwa. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Muda nimeuandika hapo juu kwa sababu siwezi kuandika kitu bila kuandika muda, wewe unanijua, na pia ili baadaye nisijidanganye kwamba sikupata nafasi.

Ninaogopa. Wewe unafikiri ni ndege, na mama yako anafikiri ni baridi ya Kanada. Nimewaacha mfikiri hivyo wiki nzima. Ninachokiogopa ni kitu kimoja, na nilikitengeneza mwenyewe.

Jumapili iliyopita ulinionyesha picha za chuo kwenye simu. Ziwa lisiloonekana ng'ambo yake. Boti ya bati, wanafunzi watano, mwalimu mwenye ndevu nyuma ameshika mpini wa injini, fimbo mbili za kuvulia zimechomekwa huku na huku. Ukaniambia mwezi wa kwanza wote mtakuwa majini mkivuta chambo nyuma ya boti kumtafuta samaki doré, yule binamu wa sandre tunayemvua huku, mumpime urefu, mumwandike na kumrudisha. Ulikuwa na furaha. Ukasema, "Baba, vitesse zote ninazo kichwani, mwendo wa kila chambo ulionifundisha." Nikacheka. Halafu nikakuuliza, kwa utani tu, "Na huyo mwenye ndevu akikosea?"

Ukajibu bila kufikiri. "Nitakaa chini nitulie. Mimi najua kukaa kwenye boti, Baba. Si unakumbuka?"

Nakumbuka.

Niko mezani jikoni na daftari zangu zote saba za uvuvi ziko mbele yangu. Nimelifungua la tatu, lenye jalada la bluu lililovimba kwa maji. Ukurasa ninaoutaka naujua bila kuutafuta. Lakini nianzie mbali kidogo, kwa sababu kosa la siku ile lilianza kabla ya siku ile.

Mimi ni dereva. Nilianza na lori la mahindi, Kondoa, nikaja huku Ubelgiji kuendesha gari la ofisa wa ubalozi, na sasa hivi naendesha gari la mikate. Huko kwetu maji yalikuwa ya kisima, na kuogelea sijui mpaka leo. Kitu nilichojua ni kitabu cha safari cha gari: tarehe, muda wa kutoka, kilomita, mwendo, muda wa kurudi. Miaka ishirini sikuwahi kumgonga mtu wala kugongwa, na nilikuwa na hakika ni kwa sababu ya kile kitabu. Niliamini kwamba dereva anayeandika haanguki.

Tonton Fidèle, huyo mjomba wako wa hiari, alinikuta nikiandika. Nilikuwa nimeegesha mbele ya duka lake la samaki wakavu na kadi za simu, nikimsubiri bosi wangu. Hatukuwa tunajuana. Akagonga kioo.

"Weye chauffeur, kila siku uko unaandika tu. Uko police?"

"Naandika kilomita."

Akaitazama gari, akanitazama mimi. "Gari iko imesimama. Kilomita ya nini?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Ndivyo tulivyoanza urafiki. Yeye alizaliwa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, na alikuwa na boti ndogo ya bati aliyoivuta nyuma ya gari lake la dukani. Jumapili alikuwa anavuka nayo mpaka hadi Uholanzi, kwa sababu huko wanaruhusu kuvua kwa kuvuta chambo huku boti inatembea, fimbo mbili kwa kila mtu. Mara ya kwanza aliponichukua nilishika ubao wa kukalia kwa mikono miwili kutwa nzima. Mara ya pili nikabeba daftari.

Miaka mitatu tulivua kwenye mfereji mmoja tu. Maji ya mfereji yamesimama. Nilinunua GPS ndogo ya mkononi, ile ya rangi ya njano unayoijua, nikaifunga kwa mpira kwenye ubao, na kila samaki aliyepanda nikaandika: joto la maji, rangi ya maji, chambo, mwendo. Nikapata jibu langu. Kilomita nne kwa saa, na kile kisamaki cha bandia cha kijani chenye tumbo la rangi ya chungwa. Kwa maji ya mfereji ule, wakati wa joto, jibu lilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniharibu. Ukipata jibu sahihi mara arobaini unaacha kuuliza lilikuwa jibu la swali gani.

Tonton hakuwa na namba. Alikuwa anaangalia ncha ya fimbo. Chambo kikitembea vizuri kinajitikisa, na mtikisiko unapanda na mshipi mpaka kwenye ncha. "Inatetemeka sawa muntu iko na malaria," alikuwa akisema. "Ikitetemeka sana, punguza. Ikiacha, chambo iko imekufa, ao imekamata jani." Mimi nilimsikia kama unavyosikiliza redio ukiwa unapika. Kuna Jumapili moja nilivuta chambo dakika arobaini nikiangalia namba yangu, nne kamili, nne kamili, na aliponiambia nikitoe kilikuwa kimevaa jani la mti kubwa kama kiganja. Kilikuwa kinateleza kama kijiti. Tonton hakunigombeza. Alilitoa lile jani, akaliweka ndani ya daftari langu, akalifunga.

"Andika na ile," akasema. "Samaki haisomake kitabu yako, papa Zuhura."

Jani bado limo, kwenye daftari la pili. Nilidhani ni mzaha mzuri.

Sasa siku yenyewe. 14 Septemba 2008, Jumapili. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Mfereji ulikuwa umekataa wiki tatu mfululizo, samaki hakuna. Nikasema tuende mtoni, kwenye Maas. Tonton alikuwa anaumwa mgongo, hakuweza kukaa kwenye boti, lakini alitupeleka na kushusha boti, akabaki pale penye mteremko wa kushushia na mkaa wake na mihogo yake. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima huko juu kwenye vilima vya Ardennes, na mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Alikufunga jaketi la kuelea mwenyewe, akavuta kamba mpaka ukalalamika. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Leo maji iko inakimbia. Uangalie maji. Usiangalie kile kitelefone yako."

Nikasema sawa.

Uliketi mbele, umenigeukia mimi. Hivyo ndivyo tulivyokaa siku zote, ili tuongee. Mimi nilikuwa nyuma kwenye injini, natazama tunakokwenda, na wewe ulikuwa unatazama tulikotoka.

Tulianza kwa kushuka na mto. GPS ilisema nne, na injini ilikuwa karibu imelala. Ncha za fimbo zilikuwa zimetulia kabisa. Hukumbuki, lakini uliniuliza, "Baba, mbona hazitetemeki?" Nikakujibu namba ni sawa. Saa nzima tulishuka, na mto ulikuwa unatubeba sisi na chambo chetu pamoja, kama mizigo kwenye lori. Chambo hakikuwa kinaogelea hata kidogo. Nilikuwa ninahesabu mwendo wa ardhi. Maisha yangu yote nimeendesha juu ya barabara, na barabara haisogei.

Kisha tukageuka kupanda. Namba ikaanguka mpaka moja na kidogo. Nikaongeza injini. Moja na nusu. Nikaongeza. Boti ilianza kupiga kelele na kuruka, vile visamaki vya bandia vilitoka juu ya maji vikizunguka kwa ubavu, mishipi ikajisokota. Hayo yote niliyaona na sikuyasoma. Niliinamisha uso kwenye kioo kidogo cha njano nikisubiri nne. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinama, boti ilitoka pembeni tulipoambiwa tukae, ikaingia katikati, kwenye njia ya meli.

Yanayofuata nataka uyasome taratibu, kwa sababu unayo kichwani kwa namna nyingine.

Ulisema, "Baba, kuna meli."

Nikasema, "Kaa. Nasoma."

Ukasema, "Iko nyuma yako."

Nikasema, bila kuinua uso, "Zuhura, aliyeshika usukani ndiye anajua. Kaa."

Na ulikaa. Hili hakuna anayelijua isipokuwa mimi na wewe, na wewe nadhani umelisahau kwa sababu ya yaliyokuja baada yake. Ulikaa. Ukaweka mikono chini ya mapaja kama nilivyokufundisha. Niliona macho yako yanakuwa makubwa na nikafikiri umenuna. Namba ilikuwa tatu na pointi saba. Tatu na pointi nane.

Ndipo uliposimama. Ulinyoosha mkono juu ya kichwa changu. Niliinua uso ili nikukaripie, na ni kwa sababu hiyo tu, kwa sababu nilitaka kukukaripia, niliona kivuli kimetufunika, nikasikia honi ambayo nadhani ilikuwa inalia muda wote. Lilikuwa tishari la mizigo, refu kama mtaa wetu, na mdomo wake wa chuma ulikuwa karibu kiasi cha kuhesabu misumari. Nikaunyonga mpini mpaka mwisho, kama ninavyokata kona ya gari. Boti ikalala ubavu. Ukatoka.

Boti haikuyumba kwa sababu ulisimama, Zuhura. Iliyumba kwa sababu niliikata. Na niliikata kwa sababu ulisimama nikaona. Ungeendelea kukaa kama nilivyokuamuru, lile tishari lingetupitia wote wawili na mtu wa usukani wake asingesikia chochote.

Lilipita. Wimbi lake lilitupandisha na kutushusha. Nilizima injini kwa kuogopa pangaboi lisikukate. Ulikuwa umbali wa mita tatu kutoka kwangu, jaketi limekupanda masikioni, umefumba mdomo. Sikujua la kufanya. Siwezi kuogelea. Nilisubiri mto ukuchukue, na mto haukukuchukua. Ulibaki pale pale, mita tatu, na mimi hapa, kama magari mawili kwenye taa nyekundu. Nikatazama ng'ambo nikaona miti inakimbia. Nikatazama chini na ile GPS ilikuwa bado inawaka karibu na mguu wangu. Tatu na pointi moja. Injini imezimwa, tumesimama, na namba inasema tatu na pointi moja.

Nilimsikia Tonton kabisa: gari iko imesimama, kilomita ya nini?

Nilichomoa fimbo nikakunyooshea upande wa mpini. Ukaishika. Nilikuvuta kwa kamba ya jaketi, na nikakupigisha goti kwenye ukingo wa boti. Kile kialama ulichonacho chini ya goti la kushoto ni changu.

Bado sijafika kwenye lile ninalokuandikia.

Tonton alikufunika koti lake, akakukalisha karibu na mkaa. Ulikuwa unagonga meno. Akageuka kwangu. "Alors? Ilikuwa nini?"

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Nakuapia. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, na wewe ukawahi. Ukasema, "Ni mimi, tonton. Nilisimama." Halafu ukanitazama mimi. "Baba, samahani."

Palikuwa na nafasi pale. Nimeipima mara nyingi tangu siku hiyo na naweza kusema haikuwa ndogo. Ulinisubiri. Hata Tonton alisubiri. Na mimi nikasema, "Usirudie tena."

Ndani ya gari, ulipolala, Tonton akasema akitazama mbele, "Mutoto hasimamake bule, papa Zuhura." Ni rafiki yangu mpaka leo na hajawahi kurudia.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako kwamba ulisimama. Kisha nikafungua daftari hili la bluu nikaandika hivi, nainakili kama ilivyo: "Maji ya kahawia, mkondo mkali. Chambo kijani/chungwa, kisha fedha. Mwendo 4. Z. alisimama, boti ikayumba, akaanguka. Hakuumia. Samaki 0." Daftari saba, Zuhura, na huo ndio mstari mmoja wa uongo niliouandika. Nilijua ni uongo wino ukiwa mbichi. Nilifikiri ni mdogo kwa sababu hukuumia sana.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilijiambia mama yako angekukataza maji, nawe ulikuwa unayapenda. Hiyo ni kweli. Lakini ukweli mkubwa zaidi ni kwamba nilikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwake. Sikuwa na kitu kingine huku Ubelgiji. Kifaransa changu ni cha barabarani, cheti changu ni cha kidato cha nne. Nilikuwa na kitabu kisafi. Nikakupa wewe ukibebe kilichokuwa kichafu.

Na wewe ulikibeba vizuri mno. Baada ya siku ile ulikaa kwenye boti kama kitu kilichopigiliwa. Tonton alikuwa anakutania, "Zu, unapumuaka?" na wewe hukugeuza hata shingo. Watu wa mfereji walinisifu kwa mtoto mtulivu. Walimu wako walinisifu pia. Mimi nilipokea sifa zote hizo.

Halafu ikaja ile harusi ya Liège, miaka miwili iliyopita. Ulirudi alfajiri na gari la kaka wa bibi harusi, na ubavu wote wa kulia umekwaruzika na vyuma vya pembeni mwa barabara kuu. Mama yako alikuwa analia. Wewe ulikuwa unamtuliza. Ulisema yule kaka, aliyekuwa akiendesha, alikuwa anasinzia. Nikakuuliza ulijuaje. Ukasema ulimwona kwenye kioo tangu Leuven, kilomita nyingi kabla ya kukwaruza, kichwa kinaanguka na kuinuka, kinaanguka na kuinuka.

"Tangu Leuven," nikasema. "Na hukumwambia?"

"Baba, aliyeshika usukani ndiye anajua. Nilikaa tu. Sikujitikisa hata kidogo."

Ulisema kwa fahari. Ulitaka nikusifu. Maneno yalikuwa yangu, hata mpangilio wake, na hujui uliyatoa wapi. Nilitoka nikasimama kwenye kibaraza mpaka kulipopambazuka. Ile ilikuwa nafasi ya pili, na ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nikaandika kwenye daftari, "Z. amerudi salama."

Kwa hiyo sasa unajua ninaogopa nini. Ninakuona umekaa mbele ya ile boti ya bati, kwenye lile ziwa lisilo na ng'ambo, umemgeukia mwalimu. Siogopi akikosea. Atakosea, kila mtu anakosea. Ninaogopa utaona kabla yake, kwa sababu anayetazama nyuma anaona kitu ambacho wa nyuma hakioni, na utaweka mikono chini ya mapaja. Naliona hilo nikiwa naendesha. Naliona nikiwa nashusha mikate. Maji ya huko wanasema mtu hadumu ndani yake muda mrefu.

Saa kumi na dakika ishirini. Mama yako amepiga tena. "Wamebakiza nyuma na juu. Anauliza umemfungia ile fimbo?" Nimesema nimeifunga. Akauliza, "Mbona sauti yako hivyo?" Nimesema mafua.

Fimbo nimeifunga kweli, na kiboksi cha chambo. Nilitaka nikupe na zile namba, nilizinakili wiki iliyopita kwenye karatasi safi, lakini nimeichana leo. Nikuambie ninachojua sasa, ni kidogo. Maji yakiwa baridi nenda polepole na utumie chambo kinachojitikisa bila haraka, samaki hana nguvu ya kukimbiza. Maji yakichafuka tumia rangi inayopiga kelele, ile ya kijani na chungwa. Yakiwa safi tumia rangi ya fedha au kinachofanana na vidagaa vya hapo. Ziwani hakuna mkondo kama wa mto lakini upepo unasukuma boti, namba itakudanganya vilevile. Tazama ncha ya fimbo. Na usivute moja kwa moja siku nzima kama nilivyofanya mimi. Pinda. Boti ikipinda, chambo cha nje kinaongeza mwendo na cha ndani kinapunguza, na kitakachoumwa ndicho kitakachokwambia samaki wanataka nini siku hiyo. Hilo Tonton alinionyesha mwaka wa tisa wa kuvua pamoja. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akasema, "Nilikuambia. Ulikuwa unaandika."

Siku niliyoanza kutazama ncha nilianza pia kukutazama wewe ukiwa umekaa pale mbele, na sikuweza kuvumilia, ndiyo maana nilianza kusema mgongo unaniuma, tukaacha kwenda. Ulidhani nimechoka kuvua. Ulidhani labda nimechoka na wewe. Niliona ukidhani.

Nimeshapanga pa kuiweka barua hii. Kwenye sanduku la bluu, ndani ya buti la kushoto, chini ya ile soksi nene. Ungeikuta wiki ya pili, baridi ikianza. Nilichagua buti kabla sijaandika mstari wa kwanza, nikapima na kama itaingia bila kukunjika mara nne. Nilifurahi kwa ule mpango. Ungekuwa mbali, ungekuwa peke yako, ungekasirika bila mimi kuuona uso wako, na hasira ikipoa ungepiga simu.

Lakini wiki ya kwanza mtakuwa tayari majini.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Nilipanga kila kitu vizuri, na nimesahau hilo. Bado ni yule yule aliyeinamia kioo cha njano.

Kwa hiyo haitaingia kwenye buti. Nimefungua daftari la bluu ukurasa ule wa 14 Septemba na chini yake nimeandika, kwa tarehe ya leo: "Z. aliona tishari. Alisema mara mbili. Niliamuru akae, akakaa. Kisha alisimama, nikaona, nikakata kona vibaya, akaanguka. Alituokoa. Nilimwacha aombe msamaha." Mama yako atausoma leo hii hii, baada yako. Sijui atafanya nini. Kesho uwanja wa ndege huenda nikawa nabeba masanduku tu, hakuna anayeongea na mimi. Hilo naliogopa pia, lakini hilo naweza kukaa nalo.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Amepiga. Wamemaliza, mko kwenye metro. Amesema umependeza na kichwa kinakuuma, nisikuguse.

Nimepanga viti viwili jikoni. Mihogo iko kwenye moto, Tonton aliileta mchana, hakukaa. Alitazama daftari zilizofunguliwa mezani, akanishika bega, akaondoka. Wewe kaa upande wa dirisha, unitazame. Mimi nitaupa mlango mgongo, kama siku ile. Sitashika kitu mkononi. Soma hadi mwisho, halafu sema lolote ulilo nalo, kwa sauti yoyote, na kama kukaa kutakushinda, simama.

Sitakwambia kaa.

Baba yako